Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili za Theluji, Uende Mji Upi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, ninafanya kazi Ndanda mkoani Mtwara. Kuanzia Januari nitakuwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kwa mafunzo ya miezi mitatu, na makazi yangu yatakuwa mwendo wa saa moja kwa treni kutoka München. Mwishoni mwa Januari nitapata wikendi moja ya kupumzika, kuanzia Ijumaa saa kumi jioni hadi Jumapili usiku, nami ninatamani kuitumia kujifunza kuteleza kwa skii, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Wenzangu waliotangulia wamenitajia Zermatt, Val Thorens, Kitzbühel na Innsbruck, na kila mmoja anasifia alikokwenda yeye. Niende wapi, na nichague kwa kuangalia nini?
Muuguzi, Ndanda

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako imenifurahisha, kwa kuwa Ndanda na Bavaria ni jamaa wa siku nyingi: Wabenediktini walioanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906 walitumwa na abasia ya Mtakatifu Otilia, iliyoko magharibi mwa München, kwa hiyo huko uendako huendi ugenini kabisa.

Miji minne uliyotajiwa ni mizuri yote, na waliokutajia hawakukudanganya. Tatizo ni kwamba huenda walikwenda kwa juma zima, ilhali wewe una siku mbili, na siku mbili zina hesabu yake. Katika milima ya Alpi lifti nyingi, yaani mitambo ya kuwapandisha watelezaji mlimani, hufunguliwa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi, na hufungwa kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni. Hiyo ina maana kwamba Jumamosi na Jumapili kwa pamoja zitakupa saa kumi na nne au kumi na tano juu ya theluji, na humo humo utoe muda wa kukodi vifaa, kupanga foleni, kula na kupumzika. Kila saa ya safari inayoingia Jumamosi asubuhi au Jumapili mchana inakatwa kwenye hizo chache. Mvuvi wa Mikindani anayejua kwamba upepo utageuka adhuhuri hafuati mwamba wa mbali, hata kama ndiko waliko changu wakubwa, kwa sababu atafika wakati wa kurudi. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwako halihusu uzuri wa mlima. Ninauliza: ukitoka mlangoni pako Ijumaa saa kumi jioni, utalala wapi usiku huo?

Kwa kipimo hicho, Zermatt na Val Thorens zinaondoka. Zermatt ni kijiji cha Uswisi kilichoko mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478, na magari ya mafuta hayaruhusiwi kuingia humo, kwa hiyo wageni hufika kwa treni. Ni mahali pa kupendeza mno, lakini kutoka München ni takriban saa nane za kubadilisha treni hapa na pale, na utakuwa umetumia karibu wikendi nzima dirishani. Val Thorens, iliyoko Ufaransa, ni mbali zaidi. Sifa zake ni za kweli: iko mita 2,300, ikiwa ndiyo mji wa skii ulio juu kuliko yote Ulaya, na imeunganishwa na majirani zake katika eneo lenye kilometa 600 za njia za kutelezea. Lakini mtu anayeanza hatatumia hata kilometa tano kati ya hizo 600. Zaidi ya hayo, katika miji mikubwa ya skii ya Ufaransa nyumba nyingi za wageni hupangishwa kwa juma zima, Jumamosi hadi Jumamosi, na anayetaka usiku mbili tu hupata tabu.

Kitzbühel, Austria, iko karibu zaidi, saa mbili na ushei kwa treni kutoka München. Ningeifikiria, isipokuwa kwa jambo moja ambalo huenda wenzako hawakulijua: katika nusu ya pili ya Januari hufanyika pale mashindano makubwa ya kuteremka ya mlima Hahnenkamm, ambayo yamekuwepo tangu 1931, na siku hizo mji hufurika watazamaji, vyumba hupanda bei au hukosekana kabisa. Wewe utakwenda mwishoni mwa Januari. Sioni sababu ya kugombania chumba na watu waliokuja kutazama wengine wakiteleza.

Innsbruck ni hoja nzito. Treni ya moja kwa moja kutoka München huchukua chini ya saa mbili, na mji wenyewe ni mji kamili, wenye chuo kikuu, makanisa ya kale na masoko, si kijiji cha watalii peke yao. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi imefanyika hapo mwaka 1964 na tena 1976. Hata hivyo, mji uko bondeni, mita 574 tu, na theluji ya bondeni si ya kuaminika. Mwaka ule wa 1964 ilipungua hadi jeshi la Austria likalazimika kuibeba kutoka juu milimani na kuijaza kwenye njia za mashindano. Kwa hiyo ukilala Innsbruck, utateleza kwingine, na kila asubuhi utapanda basi au gari la waya, yaani kibanda cha abiria kinachovutwa juu kwa nyaya. Ukipanda gari la waya kutoka katikati ya mji utafika mlima Nordkette, juu ya mita 2,200, kwa muda usiofika hata saa moja, lakini miteremko ya Nordkette ni mikali na haifai kabisa kwa anayeanza. Panda kwa ajili ya kutazama. Anayejifunza ni afadhali aende Kühtai, kijiji kilichoko mita 2,020, ambako theluji ni ya uhakika zaidi, kwa safari ya basi ya takriban saa moja.

Sasa nitaje mji ambao haumo katika orodha yako, nao ndio ninaokushauri: Garmisch-Partenkirchen. Uko Bavaria humo humo, na treni za mkoa kutoka München hufika kwa saa moja na dakika ishirini hivi. Ukitoka kwako saa kumi jioni, kabla ya saa mbili usiku utakuwa umefika na kukodi chumba, na asubuhi ya Jumamosi nzima itakuwa yako. Kando ya stesheni kuu huanzia treni ndogo ya mlimani ambayo husimama Hausberg, ambako kuna uwanja wa wanaoanza, kisha huendelea hadi ziwa Eibsee na kupanda mpaka Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, wenye mita 2,962. Huhitaji gari, na huhitaji kumwomba mtu akupeleke.

Faida ya Garmisch ambayo ninaithamini kuliko nyingine ni kwamba ina ngazi mbili za theluji. Mji wenyewe uko karibu mita 700, kimo ambacho miaka hii hakiaminiki. Mwanzoni mwa Januari 2023 joto lilipanda hadi vituo vingi vya chini katika Alpi vikafunga njia zake, na mashine za kutengeneza theluji hazisaidii isipokuwa hewa iwe ya baridi ya kutosha. Ikitokea hivyo katika wikendi yako, Hausberg haitakufaa, lakini uwanda ulio chini ya kilele cha Zugspitze, karibu mita 2,600, huwa na theluji ya asili kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua. Hutahitaji kubadilisha hoteli. Utabaki ndani ya treni ile ile na kushuka mbele zaidi. Angalia tu kalenda kabla ya kulipa, kwa maana Garmisch nako hufanyika mashindano makubwa katika miezi hiyo.

Ninakusihi lakini usianzie juu siku ya kwanza hata kama theluji ni nyingi. Wewe umezoea joto la bonde la Ndanda, na hata Newala, ambako sisi watu wa pwani tunakwenda na sweta mwezi wa Julai, haifiki mita 1,000. Hewa ya mita 2,600 ni nyepesi, mtu huchoka upesi na hulala vibaya. Ni bora ulale chini, ujifunze chini Jumamosi, kisha upande Jumapili. Joto nalo hupungua kwa digrii sita na nusu hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo asubuhi ambayo mjini ni digrii sifuri, kule uwandani inaweza kuwa kumi na mbili chini ya sifuri, na hapo upepo haujavuma.

Nije kwenye mwalimu, jambo ambalo watu wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kufika. Nilipokuwa masomoni Uswisi, mimi na wenzangu wawili tulichagua kijiji kwa sababu ya jina la mlima wake. Tulifika Jumamosi adhuhuri, tukaenda moja kwa moja kwenye shule ya skii, tukaambiwa kwamba madarasa ya wanaoanza huanza Jumatatu na kwenda siku tano, na kwamba walimu wa mtu mmoja mmoja walikwisha kuchukuliwa wote. Tulikodi vifaa, tukajaribu kujifundisha wenyewe kwa kutazama watoto, na mmoja wetu akaumia mkono kabla ya jioni. Niliumia moyo kwa sababu kosa lile lingeepukika kwa simu moja. Shule nyingi za Alpi hupanga madarasa yake kwa juma, zikianza Jumapili au Jumatatu, kwa kuwa wateja wao wengi hukaa juma zima. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba popote pale, waandikie na uwaulize: Jumamosi asubuhi yupo mwalimu wa anayeanza kabisa? Wakisema hayupo, badili mji, hata kama ni Garmisch niliousifia. Wakisema yupo kwa masomo ya mtu binafsi, tafuta mwenzako mmoja mgawane ada, kwani saa mbili za mwalimu makini zina manufaa kuliko siku nzima ya kuanguka bila kujua kwa nini unaanguka.

Usinunue tiketi ya siku ya eneo zima. Katika maeneo makubwa ya Austria tiketi hiyo sasa ni zaidi ya yuro 70, na anayeanza hutumia mkanda unaosogea au lifti fupi tu, ambazo mara nyingi zina tiketi yake ya bei nafuu. Fahamu pia rangi za njia: Ujerumani na Austria nyepesi ni bluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi, Ufaransa huongeza kijani kwa nyepesi kuliko bluu. Siku zote mbili zako ziishie kwenye bluu.

Viatu, skii na kofia ngumu kodi, usinunue. Maduka mengi hukuruhusu uvichukue jioni ya kutangulia, na ukifika kabla hawajafunga utakuwa umeokoa saa nzima ya Jumamosi. Viatu vya skii hubana kifundo cha mguu kwa nguvu na hilo ndilo lengo lake, lakini vidole visife ganzi. Vikifa ganzi, rudi ubadilishiwe, usione haya. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa maana pamba hunywa jasho na kukaa na unyevu, nawe utatetemeka. Wengi wetu hudhani ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua penye baridi, kumbe theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua usoni kutoka chini, na macho huumia kuliko ngozi. Vaa miwani ya theluji muda wote, na midomo uipake mafuta ya mgando.

Mwisho ni karatasi. Wewe ni muuguzi, unajua gharama ya mfupa uliovunjika. Uliza wanaokugharimia kama bima yao inahusu michezo ya theluji na uokoaji mlimani, kwa sababu bima nyingi za safari huiacha nje michezo hiyo, na helikopta ya uokoaji inaweza kukugharimu maelfu ya yuro. Ukiamua kwenda Innsbruck, beba pasipoti yako halisi na kibali chako cha ukaazi, si nakala: ingawa nchi zote mbili ziko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, Ujerumani imekuwa ikikagua hati mpakani na Austria tangu 2015, na ukaguzi huo hufanyika hata ndani ya treni unaporudi.

SWALI

Salaam. Mwanangu anasoma Geneva na amenialika mwezi wa Februari. Nina umri wa miaka 61, goti langu moja si zima, na sina nia ya kuteleza; ninataka kuiona theluji na kurudi Lindi nikiwa na la kusimulia. Amependekeza usiku mbili Chamonix au Zermatt. Niende wapi?
Mzee, Lindi Mjini

JIBU

Mzee mwenzangu, nenda Chamonix. Kutoka Geneva ni kama saa moja na nusu kwa basi, wakati Zermatt ni karibu saa nne kwa treni, kwenda tu. Goti bovu halipendi kukaa saa nane ndani ya siku mbili.

Chamonix iko mita 1,035, chini ya Mont Blanc, na ndiyo iliyoandaa Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1924. Kwa asiyeteleza ina mambo mawili makubwa. La kwanza ni treni nyekundu inayopanda polepole hadi Montenvers, mita 1,913, ambako unaitazama kwa chini Mer de Glace, maana yake Bahari ya Barafu, mto mkubwa wa barafu ambao umepungua sana katika maisha ya watu wa rika letu. Ningekuomba uanze na huo. La pili ni gari la waya la Aiguille du Midi, linalofika mita 3,842, na hapa sina budi kukutahadharisha. Kimo hicho kinazidi kituo cha Horombo, mita 3,720, ambacho wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hukifikia siku ya pili ili miili izoee. Wewe utafikishwa juu kwa dakika ishirini. Kama una shinikizo la damu au moyo unakusumbua, mwone daktari wako kabla hujaondoka Lindi, na akikukataza, mtii, kwa kuwa Montenvers inatosha. Akikuruhusu, tembea taratibu sana ukiwa juu, na kichwa kikianza kuuma shuka bila kusubiri wenzako.

Kuhusu mwezi, nina ombi moja kwako na kwa kijana wako. Februari ni mwezi wa likizo za shule za Ufaransa, zinazopishana kwa kanda na kuendelea hadi siku za mwanzo za Machi. Barabara za milimani Jumamosi hujaa magari, na vyumba ni ghali. Kama tiketi ya ndege haijakatwa, sogezeni hadi katikati ya Machi. Theluji ya juu bado itakuwepo, mchana utakuwa mrefu zaidi, na baridi itakuwa imepungua kidogo, jambo ambalo goti lako litalishukuru. Kama tarehe haibadiliki, ondokeni Ijumaa jioni, msingoje Jumamosi asubuhi.

Geneva iko Uswisi na Chamonix iko Ufaransa, lakini viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili. Beba pasipoti, na nunua viatu vyenye soli yenye meno, kwa sababu barafu iliyoganda kwenye njia za mjini huangusha wageni wengi, na wewe huna goti la kupoteza.

SWALI

Nitakuwa Milano mwezi wa Julai kwa maonyesho ya biashara, na nitakuwa na wikendi moja. Kuna mahali pa kuteleza wakati huo?
Mfanyabiashara, Kilwa Masoko

JIBU

Pako pachache. Zermatt, na Hintertux iliyoko Tirol, Austria, huwa na skii mwaka mzima kwa sababu ya barafu ya kudumu iliyoko juu ya mita 3,000. Kwa anayetoka Milano, Zermatt ndiyo iliyo karibu, kati ya saa tatu na nne kwa treni kupitia Domodossola na Visp.

Ila kama hujawahi kuteleza, Julai si mwezi wako. Njia zinazobaki wazi ni chache, hutumiwa zaidi na timu za mashindano zinazofanya mazoezi alfajiri, na kabla ya adhuhuri theluji hulainika na kazi ya siku huisha. Badala yake panda kwa gari la waya hadi kituo cha Klein Matterhorn, mita 3,883, kilicho juu kuliko vyote vya aina yake Ulaya. Utakanyaga theluji, na utaingia katika pango lililochongwa ndani ya barafu yenyewe. Beba koti zito ingawa Milano utaiacha ikiwaka jua.

Kama umekwisha jifunza na unataka kuteleza kweli, piga simu siku mbili kabla. Mwishoni mwa Julai 2022 joto lilizidi hadi Zermatt ikasimamisha skii ya kiangazi kwa muda, kwa hiyo chukua hoteli inayokubali kufuta chumba bila kukutoza, na tiketi ya lifti uikate asubuhi ile ile ukiwa pale.